Kigoga cha Java

Kigoga cha Java (jina la kisayansi: Taxiphyllum barbieri) ni mmea mdogo wa kundi la vigoga unaooteshwa sana katika matangi ya samaki wa mapambo (akwaria). Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa muda mrefu kiliuzwa kwa jina la Vesicularia dubyana, ambalo ni la kigoga kingine, na wauzaji wengi bado wanayachanganya majina hayo.

Kama vigoga vyote, hakina mizizi, maua wala mbegu. Hufyonza maji na chumvichumvi kwa majani yake, na hujishika kwenye jiwe au gogo kwa vijinyuzi vinavyoitwa rizoidi. Kwa hiyo hakifukiwi mchangani. Kikifukiwa huoza.

Kukipandikiza

Kigoga hutandazwa juu ya kitu kigumu kwa tabaka jembamba, kisha hufungwa. Kosa la kawaida ni kuweka rundo nene: sehemu ya chini hukosa mwanga, hugeuka kahawia na kuachia, na fungu zima huelea.

Uzi wa pamba wa kushonea unatosha. Huoza baada ya wiki kadhaa, na kwa kawaida kufikia hapo rizoidi zimeshashika. Mshipi wa kuvulia hauozi, ila hubaki ukionekana. Gundi kali ya kukauka haraka pia hutumika, tone moja moja, kwa sababu hugandishwa na unyevu wenyewe.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, vitu vya kukishikizia havihitaji kununuliwa. Kifuu cha nazi kilichochemshwa na kusuguliwa ni kizuri kuliko vyote: kina uso wa kukwaruza, na samaki wadogo hujificha ndani yake. Kigae cha chungu kisichopakwa rangi kinafaa vilevile. Mawe ya matumbawe kutoka pwani ya Lindi yana chokaa inayoongeza ugumu wa maji. Jiwe la chokaa hutambulika kwa kulikamulia ndimu, kwani hutoa povu.

Wengine hubana kigoga kati ya vipande viwili vya wavu ili kitengeneze zulia au ukuta wa kijani. Hapa tahadhari ni kubwa. Chandarua chenye dawa ya kuua mbu, kama vile vinavyogawiwa kliniki, kisitumike hata kikiwa kimezeeka na kufuliwa mara nyingi. Dawa zake ni za kundi la pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana. Wavu mtupu wa plastiki ndio unaofaa.

Maji, joto na mwanga

Kigoga hiki hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 18 hadi 25 za Selsiasi. Huvumilia joto zaidi ya hapo, lakini hukua polepole na hushindwa kwa urahisi na mwani. Kwa hiyo miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ndiyo migumu. Tangi likae mbali na jua la moja kwa moja. Mwanga hafifu wa saa 6 hadi 8 kwa siku unatosha. Umeme ukikatika, kigoga hakidhuriki. Wanaoweza kuathirika ni samaki, hasa usiku, kwa kuwa gizani mmea nao hutumia oksijeni.

Maji ya bomba yenye klorini huachwa wazi kwenye ndoo kwa siku nzima. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvichumvi hubaki tangini, hivyo maji ya mvua ni bora kwa kujazia, baada ya kuacha mvua ya kwanza isafishe bati. Wilaya hizi ni za korosho, na katika msimu wa kupulizia mikorosho ndoo za nyumbani hupimiwa salfa na viuatilifu. Ndoo ya tangi iwe ya peke yake. Vigoga huumizwa pia na shaba, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuua ukungu na konokono.

Matumizi na utupaji

Vifaranga vya samaki hujificha ndani ya kigoga na kula vijidudu vinavyoishi humo. Spishi nyingi hutagia mayai humo. Samaki wa jenasi Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu ya kusini-mashariki mwa Tanzania, hawafanyi hivyo: hutaga ndani ya udongo wa chini, na mayai hukaa humo kiangazi chote hadi mvua irudi. Mfugaji wao atumie kigoga kama maficho tu.

Kigoga kinachopunguzwa kwa mkasi huota upya kutoka kipande kidogo. Kwa sababu hiyohiyo mabaki yake, pamoja na maji ya tangi, hayamwagwi mtoni wala kwenye dimbwi. Gugumaji, lililoenea katika Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo lilisambazwa duniani kama mmea wa mapambo. Mabaki huanikwa juani hadi yakauke kabisa, kisha huzikwa au huchomwa, na maji humwagiwa bustani.