Matumbawe ya Malindi yana neno kwa milima ya Walungu

Ninyi mlio Walungu tangu kuzaliwa na ninyi mliofika huku kwa kukimbia vita, leo tuongee juu ya udongo. Mvua kubwa ikinyesha, vijito vinavyoshuka kutoka Nyangezi na Kaziba kwenda Ruzizi hubadilika rangi na kuwa kama matofali. Ule ni udongo wa mashamba yetu. Unapita Kamanyola, unashuka bondeni, unaishia Ziwa Tanganyika.

Kila mara swali hili linaleta ugomvi: ni nani aliyeanza kuuharibu mlima? Wengine husema ni kazi ya Mungu, milima imesimama wima, udongo utashuka tu. Wengine hunyoosha kidole kwa waliohamia juzi, kwamba ndio wanaokata miti kwa ajili ya kuni na makala. Hakuna mtu aliyekaa kando ya mto miaka mia tatu akipima matope. Lakini kuna viumbe waliofanya kazi hiyo bila kujua, na ushahidi wao unatusaidia.

Viumbe hao ni wale wanaojijengea nyumba ngumu ndani ya maji. Konokono wa ziwani, kwa mfano, hutoa chokaa katika maji yaleyale anamoishi. Ngozi laini iliyo chini ya gamba lake hupanga chokaa hiyo tabaka juu ya tabaka, kama mwashi anayepanga matofali. Kilichomo ndani ya maji siku ile kinaingia kidogo katika tofali la siku ile. Akifa, nyama inaoza, gamba linabaki. Ukijua kulisoma, unajua maji yalikuwaje.

Mwenye kumbukumbu ndefu kupita wote ni tumbawe wa baharini. Kwa macho ni jiwe, lakini ni kundi la wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja na kujenga mifupa yao ya chokaa chini yao. Kila mwaka jiwe hilo huongezeka karibu sentimita moja, na kila mwaka huacha mstari wake, kama mti unavyoacha mviringo ndani ya shina. Wataalamu hupiga mbizi na kutoboa kwa mashine, wakatoa kipande kirefu mfano wa mchi, kisha wakahesabu miaka kurudi nyuma.

Kazi hiyo ilifanyika Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Kutoka tumbawe la huko wataalamu walisoma habari za joto la bahari tangu 1801 mpaka 1994. Wengine walichukua tumbawe lenye umri wa miaka 300 hivi na kutafuta ndani yake madini yanayoitwa bari. Bari hukaa imeshikamana na chembe za udongo. Mto ukileta matope baharini, maji ya chumvi huiachanisha na udongo, na tumbawe huimeza pamoja na chokaa yake. Bari ikiwa nyingi katika mstari wa mwaka fulani, ujue mto ulileta udongo mwingi karibu na wakati ule.

Mto wenyewe ni Sabaki. Maji yake yanatoka mbali, kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, na kupita nchi ya Wakamba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Kutoka 1700 mpaka karibu 1900, kiasi cha udongo kilikaa karibu palepale. Tufahamu kwamba katika miaka hiyo 200 kulikuwa na mvua kali, kulikuwa na ukame, watu walilima na kufuga, na milima ilikuwa na mteremko uleule. Kisha, tangu mwanzo wa karne ya 20, bari inapanda, na inapanda sana kufikia miaka ya 1970.

Ni nini kilichobadilika? Ni utawala wa ardhi. Waingereza waliwagawia walowezi ardhi nzuri na kuwafungia wenyeji katika maeneo yaliyowekewa mipaka. Watu na ng'ombe walibanana, shamba halikupumzika tena, mteremko uliokuwa msitu ukalimwa. Baadaye serikali ileile ikawalaumu wenyeji kwa mmomonyoko. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe ili kupunguza mifugo. Maelfu wakaandamana mpaka Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Sisi wa Kivu tunaijua hadithi hiyo kwa sura yetu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu na kuipa mamlaka ya kugawa ardhi. Mashamba makubwa ya chai, kahawa na kinkina yalichukua sehemu nzuri, na watu wakasukumwa juu ya miteremko. Baadaye watu wakashurutishwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya shuruti, baada ya uhuru wa 1960 wengi hawakutaka hata kuiona. Ndiyo maana mimi nasema aliyehamia mwaka jana na mtoto mgongoni hakuanzisha jambo hili. Amelikuta, na anabanwa nalo kama mwenyeji.

Mtu anaweza kuuliza: maji yetu ya Ruzizi yanakwenda ziwani, si Malindi, sasa inatuhusu nini? Ziwa nalo lina waandishi wake. Katika matope ya chini ya Tanganyika kuna wadudu wa majini wenye ganda la pande mbili kama kombe, wadogo kuliko punje ya mtama. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walitoa taarifa kutokana na hesabu ya wadudu hao na samaki kwenye pwani za kaskazini mwa ziwa. Mahali ambapo milima ya juu imebaki uchi na matope yanashuka kwa wingi, walikuta aina chache kuliko mahali penye miti. Matope hufunika mawe wanapokula na kuzaa. Kwa hiyo shamba linaloondoka huku juu linaharibu pia riziki ya mvuvi kule chini.

Lakini wasikilizaji, tusikate tamaa, kwani hadithi ya Wakamba haikuishia mwaka 1938. Katika Machakos watu wenyewe walianza kutengeneza matuta bila fimbo ya mzungu, mengi kwa vikundi vya jirani kusaidiana. Njia moja inajulikana mpaka nchi za ng'ambo kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu: unachimba mtaro kukatisha mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta. Mwaka 1994 kilitoka kitabu kilichoonyesha kwamba katika miaka 60 watu wa Machakos waliongezeka mara tano hivi, na mmomonyoko mashambani mwao ukapungua. Bonde zima la Sabaki halikupona, ni kubwa mno. Lakini mashamba yao yalibaki.

Basi wingi wa watu peke yake hauli mlima. Mlima huliwa pale mtu anapolima bila uhakika kwamba kesho shamba litakuwa lake. Mwenye kukodisha mteremko kwa msimu mmoja hawezi kuchimba mtaro wa miaka kumi. Hapo machifu wetu, wenye ardhi na waliopokelewa wana jambo la kukaa chini na kuzungumza: mkataba wa muda mrefu kwa anayekubali kuchimba mtaro na kupanda majani. Jembe tunalo, majani ya tembo tunayo, mikono ya waliohamia ipo. Msimu wa mvua wa mwezi wa tisa haungoji.