Usanifu wa ordinateri: namna ya kukisoma kitabu cha Hennessy na Patterson ukiwa Birere

Kwenye meza za Birere, ordinateri ya okazioni inauzwa kwa namba mbili: gigahezi na RAM. Mteja anauliza, muuzaji anajibu, kisha bei inajadiliwa kwa dola. Namba hizo si za uongo. Ila peke yake hazisemi ni mashini gani itamaliza kazi mapema, na mtu anaweza kulipa dola nyingi zaidi akaondoka na ile iliyo nzito.

Juu ya nini iko hivyo? Jibu liko katika somo linaloitwa usanifu wa kompyuta, yaani namna prosesa, kache, memori na diski vinavyopangwa ili kazi iende haraka kwa bei na kwa umeme unaowezekana. Goma ina vyuo ambako somo hili si geni: ISIG, ambayo jina lake lenyewe linabeba informatiki, na ULPGL yenye kitivo cha sayansi na teknolojia. Na kitabu kikubwa cha somo hili duniani, kwa ngazi ya juu, ni kimoja: Computer Architecture: A Quantitative Approach, cha John Hennessy na David Patterson.

Hennessy alikuwa profesa wa Stanford, Patterson wa Berkeley, vyuo viwili vya California. Katika miaka ya 1980 kila mmoja, na timu yake, alitetea wazo lililoonekana la ajabu wakati ule: prosesa yenye amri chache na rahisi inaweza kuishinda ile yenye amri nyingi na ngumu. Wazo hilo linaitwa RISC. Kitabu chao kilitoka mara ya kwanza mwaka 1990, na kwa kazi hiyo yote walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2017, ambayo kwa watu wa informatiki ni kama Nobel. Telefone nyingi zinazotengenezwa kwenye vibanda vya Birere zina prosesa ya ARM, na ARM ni RISC.

Kitabu kigumu, na kosa la mlangoni

Kitabu hiki kinaomba uvumilivu, hilo lisifichwe. Ni kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza wakati vyuo vya Kongo vinafundisha kwa Kifaransa, na hakina desturi ya kumbembeleza msomaji. Kila sura inajaa majedwali na vipimo. Mwanafunzi aliyezoea silabusi ya fotokopi, ambamo kila kitu kimefupishwa ili kikaririwe kabla ya mtihani, anafika ukurasa wa hamsini anakifunga. Kibaya zaidi, anajiambia kwamba ile ni elimu ya wazungu.

Mara nyingi shida si akili yake. Ameshika kitabu cha pili kabla ya cha kwanza. Waandishi hao hao wana kitabu kingine cha wanaoanza, Computer Organization and Design. Vinachanganywa kirahisi kwa sababu majina ni yale yale. Alama ya kuvitofautisha ni mpangilio wake. Jina la Patterson likitangulia, ni cha kuanzia. Likitangulia la Hennessy, ni kile cha ngazi ya juu, kinachodhani kwamba cha kwanza kimeshasomwa.

Na kama kile cha kwanza hakipatikani, mlango uko nyuma ya kitabu. Viambatisho A, B na C vya toleo la sita vinarudia misingi: amri za prosesa, memori na kache, na kazi ya mnyororo. Anayeanza na hivyo vitatu, ndipo arudi sura ya kwanza, anakuta nusu ya ugumu imekwisha ondoka.

Kupima, siyo kusifu

Neno zito katika jina la kitabu ni lile linalohusu vipimo. Hennessy na Patterson hawakubali mtu aseme mashini hii ni kali, basi. Wanadai hesabu. Na hesabu ya msingi ni fupi: muda wa programu ni idadi ya amri zake, mara mapigo ya saa ambayo kila amri inahitaji, mara urefu wa pigo moja.

Chukua programu yenye amri bilioni moja. Mashini ya kwanza ina gigahezi 2 na inamaliza amri moja kwa kila pigo: sekunde 0.5. Ya pili ina gigahezi 3, lakini kila amri inakula mapigo mawili: karibu sekunde 0.67. Ile yenye gigahezi ndogo imeshinda. Muuzaji hakudanganya, ila namba moja kati ya tatu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi.

Gigahezi zenyewe zilikwama tangu karibu mwaka 2004. Umeme unaoliwa na prosesa unafuata kasi yake, na unafuata volteji mara mbili, maana volteji inazidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza vyote viwili kwa asilimia 10, matumizi yanashuka kwa karibu asilimia 27. Ndiyo maana hali ya kuokoa betri inasaidia sana wakati wa delestaji. Upande wa pili wa sarafu ni joto: vumbi jeusi la volkano likijaa kwenye ventileta, prosesa inapoona inaungua inapunguza kasi yenyewe. Mashini ya gigahezi 3 isiyosafishwa inaweza kufanya kazi chini sana ya hapo, na mwenye nayo akasema imezeeka.

Meza, depo, Gisenyi

Sehemu tajiri kuliko zote ni ile ya memori, na mtu wa Birere anaijua tayari bila kujua kwamba anaijua. Muuzaji wa piesi za telefone anaweka mezani zile zinazoombwa kila siku. Mkono unazifikia bila kusimama. Nyingine ziko kwenye depo. Zisizokuwa depo zinafuatwa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, na zile za nadra zinaagizwa Dubai. Hakuna muuzaji anayeweka mali yote mezani, maana meza ni ndogo na nafasi Birere ni ghali. Akili yote ni kukisia kitakachoulizwa leo.

Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Kache ni meza, RAM ni depo, diski ni mbali. Ila umbali wake unatisha. Kwa prosesa ya gigahezi 3, pigo moja likikuzwa liwe sekunde moja, kitu kilicho kwenye kache ya karibu kinapatikana kwa sekunde 4 hivi. Kilicho kwenye RAM kinachukua dakika 4 au 5. Kwenye SSD, ikiwa ombi linachukua sehemu ya kumi ya milisekunde, ni siku tatu na nusu. Na kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, yenye kuhitaji milisekunde 10, ni karibu mwaka mzima.

Mwenye ordinateri nzito angefaa asome mistari hiyo mara mbili kabla ya kutoa pesa. Kuongeza gigahezi kunapunguza zile sekunde. Kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD kunageuza mwaka kuwa siku. Kwa mashini nyingi za okazioni, badiliko hilo ndilo linalolipa.

Kuna jaribio ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya bila mega hata moja. Anaandika kwa lugha ya C jedwali la safu 4000 na nguzo 4000 za namba nzima, kisha anajumlisha zote, mara ya kwanza safu kwa safu, mara ya pili nguzo kwa nguzo, na kupima muda. Kazi ni ile ile, jumla ni ile ile. Lakini ya pili mara nyingi inachelewa mara kadhaa. Sababu: prosesa nyingi hazichukui namba moja kutoka RAM, zinachukua furushi la baiti 64, yaani namba 16 zilizopangana. Anayekwenda safu kwa safu anazitumia zote 16. Anayekwenda nguzo kwa nguzo anatumia moja, anaruka, na furushi linatupwa kabla halijamfaa. Ni kama kutuma mtu Gisenyi mara kumi na sita kwa piesi ambazo zingekuja katika mfuko mmoja. Aliyeliona hilo kwa macho yake haisahau kache tena.

Kushonewa kabla ya kuuliza

Kazi ya mnyororo inaeleweka kwa ateliye ya kushona: mmoja anapima, mwingine anakata, wa tatu anashona, wa nne anapiga pasi. Nguo moja haitoki mapema zaidi, lakini nguo nyingi zinatoka kwa siku, maana hakuna anayekaa bure. Prosesa inakata kila amri katika hatua kama hizo.

Ugumu unakuja pale amri inaposema "kama hivi, nenda huku, kama sivyo, nenda kule". Prosesa haisubiri jibu. Inakisia, inaendelea, na ikikosea inatupa kazi iliyofanya na kupoteza labda mapigo 15 au zaidi. Kukisia huko kumefikia kiwango cha kushangaza, na sura ya tatu ya kitabu, ambayo ndiyo inayowavunja watu wengi, inazunguka hapo. Januari 2018, muda mfupi baada ya toleo la sita kutoka, dunia ilitangaziwa Spectre na Meltdown, udhaifu uliotokana na kazi hiyo hiyo ya kukisia: kilichotupwa kilikuwa kinaacha nyayo ndani ya kache, na mwizi angeweza kuzisoma.

Kisha kuna sheria ya Amdahl, ya mwaka 1967. Mzigo unatoka Kigali: masaa 4 barabarani, masaa 6 forodhani. Hata mtu akipata gari linaloruka na kufika papo hapo, masaa 6 ya forodha yanabaki. Safari ya masaa 10 imekuwa ya 6, haikufika hata mara mbili. Ndivyo ilivyo kwa prosesa yenye vichwa vinane: sehemu ya programu isiyogawanyika ndiyo mpaka wake. Sura ya tano inaingia ndani ya jambo hilo, na hapo kichwa kinauma kweli.

Ardhi ya hapa ndani ya prosesa

Kitabu kinazungumzia silikoni, hakizungumzii Masisi. Lakini koltani ya Rubaya, kaskazini-magharibi ya Goma, inatoa tantali inayotengeneza kapasita ndogo zinazotuliza umeme karibu na prosesa. Bati ya kasiterite, kama ile ya Bisie huko Walikale, ndiyo inayogandisha piesi kwenye bodi. Tungsteni ya wolframite inatumiwa katika viunganishi vidogo vya ndani ya chipu. Mwaka 2010 sheria ya Marekani ya Dodd-Frank, inayojulikana mkoani kama sheria ya Obama, ilitaka kampuni zieleze madini hayo yanatoka wapi. Kwa miaka mingi mazungumzo ya Kivu Kaskazini kuhusu kompyuta yameishia kwenye shimo la mgodi. Ni mazungumzo ya lazima, ila yanamwacha kijana akijua bei ya koltani kuliko kazi yake.

Kupata vya kusomea

Kitabu kipya ni ghali kwa mwanafunzi yeyote wa Goma, na tangu mji uingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki na uwanja wa ndege vilifungwa, hivyo kuagiza kitu nje kukawa kibarua kingine. Habari nzuri ni kwamba toleo la sita linatumia RISC-V, familia ya amri iliyoanzishwa Berkeley mwaka 2010, na hati zake rasmi ni za bure kwa kila mtu. Programu za kuigiza prosesa kama Ripes na RARS nazo ni za bure. Zikishapakuliwa mara moja zinafanya kazi bila intaneti, hata kwenye mashini ndogo. Ripes inaonyesha amri zikipita hatua kwa hatua, na somo la mnyororo ambalo kwenye karatasi linachukua jioni tatu linaeleweka kwa moja. Masomo ya profesa Onur Mutlu wa ETH Zürich yapo YouTube bila malipo, ila video zinakula mega. Maandishi yake ni mepesi zaidi.

Asiyekuwa na Kiingereza anaweza kutafuta tafsiri ya Kifaransa ya matoleo ya zamani. Mifano yake ni ya prosesa nyingine, DLX au MIPS kutegemea toleo, lakini hizo ni ndugu wa karibu wa RISC-V na hesabu ni zile zile.

Kwa mpangilio, njia isiyovunja moyo ni hii: kiambatisho A, kisha C, kisha B, halafu sura ya kwanza na ya pili. Sura ya nne ya vekta na kadi za grafiki inaweza kusomwa kabla ya ya tatu, hakuna atakayelalamika. Sura ya sita, ya majengo makubwa yenye seva maelfu kwa maelfu, ni nyepesi na inasomeka hata wakati umeme umekatika. Mazoezi ya mwisho wa sura yafanywe kwa kalamu na karatasi, watu wawili au watatu pamoja, mmoja akitetea jibu lake na wengine wakilivunja. Kwa sura ya pili peke yake, mwezi mmoja si mrefu.