Filamu ya Weusi, Viti vya Weupe

Mpenzi msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za jumba la sinema. Si Empire, si Avalon, wala si jumba lingine lolote la hapa Dar es Salaam. Jumba ninalolikusudia liko mbali, katika mji mdogo wa Chapel Hill, jimbo la North Carolina nchini Marekani, nalo liliitwa Carolina.

Chapel Hill ni mji uliozaliwa na chuo. Chuo Kikuu cha North Carolina kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1795, na mji ukakua kandokando yake. Katika barabara yake kuu, Franklin, kulikuwa na maduka, migahawa na majumba mawili ya sinema: Varsity na Carolina, lililofunguliwa mwaka 1942. Mwanafunzi akimaliza vipindi vya siku, hatua chache tu zilimfikisha kwenye dirisha la tiketi.

Lakini si kila mwanafunzi aliuziwa tiketi. Baada ya amri ya mahakama, chuo kilianza kupokea weusi katika kitivo cha sheria mwaka 1951, na wale wa shahada ya kwanza wakafuata mwaka 1955. Basi kijana mweusi aliweza kuketi darasani na mzungu mchana kutwa, ila jioni hakuruhusiwa kuketi naye katika giza la sinema.

Januari 1961 jambo hilo likawa kichekesho kichungu. Carolina ilileta filamu ya Porgy and Bess, iliyotoka mwaka 1959. Ni hadithi ya maisha ya watu weusi, na nyota wake, Sidney Poitier na Dorothy Dandridge, ni weusi. Weusi wa Chapel Hill walipotaka kuingia kuitazama, wakakataliwa! Hebu fikiri, msikilizaji: hata Poitier mwenyewe, ambaye sura yake ilijaa kwenye pazia kule ndani, angefika pale dirishani angerudishwa.

Vijana wa mji ule hawakuwa wageni wa mapambano. Februari 1960, wanafunzi tisa wa sekondari ya Lincoln walikuwa wamekwenda kuketi katika duka la Colonial, ambako mtu mweusi aliruhusiwa kununua lakini si kukaa. Safari hii watu walishika mabango, wakasimama mbele ya Carolina na Varsity. Wanafunzi weusi walikuwapo, na wazungu walioona haya kwa niaba ya mji wao walikuwapo pia, akiwamo profesa wa sheria, Daniel Pollitt. Hawakuvunja kioo wala kutupa jiwe. Bandu bandu huisha gogo: kufikia mwaka 1962 majumba yale yalikuwa yameanza kuwauzia weusi tiketi.

Hata hivyo, tusidanganyike. Mlango wa sinema ulipofunguka, milango ya migahawa kadhaa ya mji huo huo wa wasomi ilibaki imefungwa, hadi sheria ya haki za raia ya Julai 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo nchi nzima. Nami nasema, hilo ndilo fundisho kubwa la Carolina. Chuo kinaweza kujaa vitabu na maprofesa, lakini elimu peke yake haifungui mlango mpaka atokee mtu wa kusimama mbele yake na kubisha.

Carolina iliacha kuonyesha filamu mwaka 2005. Majumba ya zamani yanapofungwa, hapa kwetu na kwingineko, wazee hukumbushana picha walizoziona na nyota waliowapenda. Hayo ni mazuri. Mimi ningependa vijana waulize na swali la pili: nani aliachwa nje, na ni nani waliosimama barabarani mpaka akaingia?

Hadi juma lijalo, kwaheri.