Kusema Kiswahili si Kukiandika: Msingi wa Ufahamu na Insha

Nakaa Ruiru, na jioni nasomesha Kiswahili wanafunzi wa sekondari wa hapa na wa Thika. Wamo watoto wa kwetu pwani, ambao wazazi wao walifuata kazi huku bara. Kila muhula mzazi mmoja huniuliza: "Mwalimu, huyu Mswahili, vipi apitwa na wenziwe Wakikuyu?"

Jibu langu ni moja. Mwenziwe alijua kuwa hajui, akakaa kitako akasoma. Wetu aliona lugha ni yake, akaingia mtihanini mikono mitupu. Kwa hivyo naandika hapa yale ya msingi, mzazi ayajue na mtoto ayashike.

Ufahamu. Katika KCSE ufahamu una alama 15. Soma maswali kwanza, kisha kifungu, kisha urudi kwenye swali. Tazama swali lataka nini: "taja" ni kutaja tu, "eleza" yataka sababu au ufafanuzi. Ukiulizwa maana ya neno, toa maana yake katika kifungu kile, si ile uliyoizoea nyumbani. Usinakili aya nzima ukitaraji mtahini akutafutie jibu ndani yake.

Ufupisho. Huu nao ni alama 15. Pigia mstari hoja kuu, acha mifano na marudio, kisha unganisha hoja kwa sentensi zako. Idadi ya maneno ikitajwa, iheshimu.

Insha. Karatasi ya kwanza ina insha mbili, kila moja alama 20. Swali la kwanza ni la lazima, na mara nyingi hutaka sura maalumu: barua, hotuba, kumbukumbu, ripoti. Sura ikikosewa, alama zapotea hata lugha ikiwa tamu. Barua rasmi ina anwani mbili, mtajo, mada, mwili na hitimisho lenye sahihi na jina. Kumbukumbu zina waliohudhuria, waliotuma udhuru, ajenda na thibitisho.

Insha ya methali ni kisa. Ukipewa "Mchelea mwana kulia hulia yeye", tuonyeshe mzazi aliyemdekeza mwanawe, kisha tuone yeye akilia. Sehemu zote mbili za methali zitimie. Insha ya mdokezo nayo iwe na yale maneno uliyopewa, pale pale ulipoambiwa uyaweke.

Kabla ya kuandika, tumia dakika tano kupanga hoja. Kila aya ibebe hoja moja: itaje, ieleze, itolee mfano.

Lahaja. Hapa ndipo watoto wetu huumia. Mtoto aandika "mato", "nti" na "ndia", nami nalazimika kumwandikia pembeni "macho", "nchi" na "njia". Yaniuma, maana hayo si makosa, ni Kimvita cha bibi yake. Lakini mkutano uliofanywa Mombasa kwetu mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mtihani wafuata sanifu. Mwenziwe Mkikuyu ana tatizo lake, kuandika "kura" akikusudia "kula". Yeye hukubali kusahihishwa, wetu hubisha. Na wote wawili huangushwa na Sheng ya kwenye matatu.

Simwambii mtoto aache Kimvita. Nyumbani akiseme, na kwenye mazungumzo ya wahusika ndani ya kisa aweza kukitia kwa kusudi. Anachohitaji ni kujua wapi ni wapi.

Mzazi, lugha umeshampa. Sasa mpe kitabu cha hadithi, umsikize akisoma ukurasa mmoja kila usiku. Kila wiki aandike insha moja, isahihishwe, kisha aiandike tena. Hiyo ya pili ndiyo inayofunza.