Ukungu wa Akili Baada ya Kujifungua: Maana na Sababu Zake

Mama, umewahi kuingia jikoni ukasahau ulichofuata? Au unaanza kuzungumza, neno linakupotea? Hali hii huitwa ukungu wa akili. Si jina la ugonjwa, ni dalili: akili huwa nzito, unasahausahau, unashindwa kutulia kwenye jambo moja. Si uvivu, na mara nyingi ina sababu inayotibika.

Sababu za kawaida

- Kukatika kwa usingizi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Ubongo usiopumzika hushindwa kutunza kumbukumbu.
- Upungufu wa damu. Utahisi kizunguzungu, kuishiwa nguvu na moyo kwenda mbio. Kwa mama aliyekwisha kujifungua, hemoglobini chini ya 12 ni upungufu wa damu.
- Sonona. Huzuni, kulia au kukosa raha kunakozidi wiki 2.
- Tezi ya thairoidi kufanya kazi kidogo. Huleta uchovu, kuhisi baridi na kufunga choo.
- Kutokunywa maji na kutokula vya kutosha, au dawa zinazoleta usingizi, kama baadhi ya dawa za mafua na mzio.

Ufanye nini?

Lala mtoto anapolala, na kazi za nyumbani waachie wengine. Kula maharage, dagaa, maini na mboga za majani pamoja na chungwa au limao. Chai usinywe pamoja na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Maliza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa.

Hali ikizidi wiki 2, usisubiri tarehe ya kliniki ya mtoto. Nenda kituo cha afya useme wazi: "Nasahau sana, naomba nipimwe damu."

Dalili za hatari

Mama awahishwe hospitali, hata kama ni usiku, iwapo:

- anachanganyikiwa ghafla, anasikia sauti zisizokuwepo, au halali kabisa hata mtoto akilala;
- anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto;
- kichwa kinamuuma sana, haoni vizuri, au amepata degedege. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua;
- ana homa au anatokwa damu nyingi.

Ndugu na walezi, mama aliyechanganyikiwa huenda asijitambue. Msimwache peke yake na mtoto, wala msianzie kwa mganga. Akitibiwa mapema, hupona.