Bujumbura Vijijini: Sensa Moja, Hesabu Mbili

Naishi katika Mtaa wa Viwanda, zoni ya Ngagara, jijini Bujumbura. Kila asubuhi watu wa Mutimbuzi na Isare huja huku kutafuta kibarua, na jioni hurudi makwao. Kwa miaka mingi watu hao walihesabiwa katika mkoa mwingine, yaani Bujumbura Vijijini, mkoa uliolizunguka jiji. Insha hii inaeleza jinsi mkoa huo ulivyogawanywa, na kwa nini idadi ya watu wake haifai kusomwa bila kuangalia mipaka.

Utawala wa Burundi hupangwa kwa ngazi: mkoa, tarafa (wengi wetu husema komini), zoni, na chini kabisa kilima vijijini au mtaa mjini. Wakati wa sensa ya Agosti 2008, Bujumbura Vijijini ilikuwa na tarafa 11: Bugarama, Isare, Kabezi, Kanyosha, Mubimbi, Mugongomanga, Muhuta, Mukike, Mutambu, Mutimbuzi na Nyabiraba. Nchi nzima ilikuwa na watu 8,053,574.

Je, wangapi kati yao walikuwa wa Bujumbura Vijijini? Hapa msomaji hukuta majibu mawili. Jedwali moja linasema 555,933, jingine 464,818, na yote mawili yanataja sensa ileile. Asiyejua historia atadhani kuna aliyekosea, au kwamba watu 91,115 walihama. Hakuna aliyehama. Machi 2015 uliundwa mkoa wa Rumonge, ukapewa tarafa tatu za Bururi pamoja na Bugarama na Muhuta za Bujumbura Vijijini. Mkoa ukabaki na tarafa 9, na takwimu za 2008 zikapangwa upya kufuata mipaka mipya. Mtu alilala usingizi uleule, kwenye kilima kilekile, ila mkoa wake ukabadilika jina.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Uchaguzi wa Juni 2025 ukafanyika kwa ramani hiyo. Bujumbura Vijijini, jiji lenyewe, Bubanza na Cibitoke sasa ni mkoa mmoja wa Bujumbura. Bugarama na Muhuta, zilizoondoka mwaka 2015, zimerudi kuwa mkoa mmoja na jirani zao wa zamani. Muhuta bado ni jina la tarafa, lakini Kabezi na Mutimbuzi hazimo tena katika orodha ya tarafa.

Kwa maoni yangu, jambo hili si la makaratasi tu. Idadi ya watu ndiyo hutumika kupanga shule, zahanati na maji. Atakayelinganisha mkoa wa Bujumbura wa leo na ule wa 2008 ataona ongezeko kubwa mno, ambalo sehemu yake ni mipaka wala si uzazi. Akipanga kwa hesabu hiyo, kuna kilima kitakachopata zaidi ya haki yake na kingine kitakachosahauliwa.

Kwa hiyo, sisi wanafunzi wa historia tukikuta idadi ya watu, tuulize kwanza: ni ya mwaka gani, na kwa mipaka ipi? Kilima hakihami, kinachohama ni mpaka.