Shilingi Yatoka London

Hadi katikati ya 1966 hakuna waziri wa Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala aliyeamua noti ngapi ziingie kwenye mzunguko. Kazi hiyo ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: anayeleta pauni hupewa shilingi 20, anayerudisha shilingi hupewa pauni. Basi mkonge na pamba vikishuka bei Ulaya, fedha zilikauka huku kwetu. Tuseme haki yake, shilingi ile iliaminika. Ila bodi haikuwa benki, na serikali changa zilitaka benki.

Mazungumzo ya kuwa na benki kuu moja ya nchi tatu yalikwama. Juni 1965 mawaziri wa fedha wakatangaza kwamba kila nchi itatoa sarafu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, gavana wake akiwa Edwin Mtei, kijana wa miaka 33. Sarafu mpya zilipambwa kwa wanyama: mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50.

Mtihani wa kwanza haukukawia. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni. Enzi za bodi, shilingi ingeporomoka nayo siku ileile bila mtu wa hapa kuulizwa. Safari hii Tanzania haikufuata, wala Kenya na Uganda. Kwa maoni yangu hapo ndipo uhuru wa fedha ulipoonekana, kuliko siku ya kufungua benki.

Lakini uamuzi ukiwa wako, lawama nazo ni zako. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa vimemaliza fedha za kigeni, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mtei, sasa Waziri wa Fedha, aliona ni vema kukubaliana nalo. Mwalimu Nyerere alikataa katakata. Mtei akajiuzulu. Shilingi ilibaki juu kwenye vitabu vya serikali, huku walanguzi wakiiuza kwa bei yao. Ilipofika 1986, chini ya Rais Mwinyi, dola iliyokuwa takriban shilingi 17 ilipandishwa hadi 40. Sheria mpya ya 1995 ikaiagiza Benki Kuu itangulize jambo moja mbele ya mengine yote: kudhibiti mfumuko wa bei.